Kengele ni Kengele

Jumapili, 9 Juni

Nimefika. Chuo kimejificha nyuma ya bohari ya saruji. Ukumbi una feni tatu, inayozunguka ni moja. Si kitu. Mtaalamu hachagui feni.

Wiki hii ni yangu. Viongozi chipukizi wa kanda nzima wanakuja kufundwa uongozi: madiwani wapya, makatibu wa ushirika, wenyeviti wa vijana, watu ambao juzi tu walikuwa wakipanga viti mikutanoni na leo wanavikalia. Wa kuwafunda tuko wawili. Na Mkurugenzi ametuambia wazi kwamba semina ikiisha atateua mmoja wetu kuwa Mwezeshaji Mkuu wa Kanda. Mmoja!

Mimi, kwa unyenyekevu, nimeshachapisha kadi. "Mwezeshaji Mkuu", herufi za dhahabu. Nimeanza kuzigawa kidogo kidogo. Shemeji yangu anayo. Kinyozi anayo. Dereva wa basi nimempa mbili. Mke wangu aliuliza kama uteuzi umeshatoka. Nikamwambia kiongozi huona mbele. Akasema sawa, baba, ila ukitazama mbele tazama na chini. Hana dira yule.

Mpinzani wangu nimemkuta ukumbini. Muuguzi mkuu mstaafu, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, sauti ya chini kama bado yuko wodini na wagonjwa wamelala. Hana kompyuta. Hana slaidi. Ana kalamu moja! Nikamuuliza huwa anafundisha vipi. Akasema huwa anauliza swali, kisha anasubiri. Anasubiri nini? Nimempa jina: Bi Kimya.

Alikuwa amepanga viti kwa duara, utadhani watu wanakuja kuota moto. Alipokwenda kuoga nikavirudisha kwenye mistari, vyote vikitazama mbele, yaani vikinitazama mimi.

Jumatatu, 10 Juni

Viti vimerudi kwenye duara! Nimeuliza nani kafanya. Hakuna anayejua. Bi Kimya anakunywa maji tu.

Semina nilifungua mimi. Nikajitambulisha. Nilianzia nilipokuwa kiranja wa darasa la tatu, kwa sababu uongozi hauanzi ukubwani. Nilipomaliza, muda wa washiriki kujitambulisha ukawa umekwisha, tukausogeza mchana. Bi Kimya alijitambulisha kwa pumzi moja: jina lake, kazi yake ya wodini, na kwamba amekuja kusikiliza. Wakampigia makofi. Kwa lipi?

Lakini leo nimemweza! Semina zetu zote huanza kwa kanuni za ukumbi. Washiriki wanapendekeza, tunaandika kwenye karatasi kubwa, tunabandika ukutani, na wiki nzima zinatutawala sote. Wakaleta zile za siku zote. Simu zizimwe. Tusikatizane. Tusisinzie. Mimi nikaongeza moja kwa kalamu nyekundu: KENGELE NI KENGELE. Ikilia, kikao kimekwisha. Watu watoke taratibu bila kelele, hakuna kumsubiri mzungumzaji, hata kama ana neno mdomoni.

Hapa pana akili. Nilishapeleleza. Vikao vya Bi Kimya haviishi, kwa sababu watu wakianza kusema hawashikiki. Sasa kengele ya chai itamkata katikati, na itamkata kwa haki. Mkurugenzi atasikia kwamba mama wa watu hawezi kumaliza anachoanza.

Kuna diwani mmoja, binti mdogo kuliko wote humu ndani, mwenye macho ya kuuliza. Aliuliza kama kanuni hiyo inawahusu na wawezeshaji. Nikaweka mkono kifuani. Nikasema inanihusu mimi kuliko mtu yeyote. Nikatia saini chini yake, kubwa, yenye mkia. Makofi matatu ya pamoja! Yangu peke yangu.

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi nilipitia jikoni. Mama Jikoni ndiye mwenye chai na ndiye mwenye kengele. Nikamsifia masufuria yake. Kisha nikamnong'oneza kwamba asiwe mtumwa wa saa. Akichungulia dirisha la ukumbi akaona mtu ameng'ang'ania watu, apige tu. Akauliza, mtu yeyote? Nikasema yeyote.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha Bi Kimya. Akakaa kwenye duara kama mshiriki. Akauliza swali moja: mara ya mwisho ulipokosea mbele ya watu unaowaongoza, ulifanya nini? Kisha kimya. Kimya cha kuwasha mwili! Mimi nilikuwa nakaribia kumsaidia kwa mfano wa maisha yangu, lakini sikukumbuka niliwahi kukosea lini.

Mara katibu wa ushirika, baba mzima mwenye kifua cha mbeba magunia, akaanza kusema. Msimu uliopita aliwahimiza wanachama wapande mbegu ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuijaribu. Haikuota. Aliulizwa mkutanoni, akasingizia mvua, na mvua ilikuwa imenyesha na kila mtu alilowa. Sauti ikaanza kumkatika. Watu wakasogeza viti.

Ngrrrr! Kengele!

Nikasimama kwa huzuni kubwa, nikanyoosha kidole kwenye kalamu nyekundu. Kengele ni kengele, nikasema, hata mimi inaniuma. Wakatoka. Bi Kimya akanitazama kwa muda, akavua miwani, akaifuta. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Ngoma haikukesha. Walipofika kwenye chai wakaendelea palepale! Katibu akamalizia habari za mbegu, mwenyekiti wa vijana akaanza za kwake, mwingine akaanza za kwake. Vikombe mkononi, hakuna anayekunywa. Nikaenda kuwaambia muda wa chai umekwisha na sasa ni zamu yangu, mada ya Dira, slaidi zenye maandishi yanayoruka. Binti Diwani akauliza, kwa adabu kabisa, kama kengele ya kurudi imelia. Haikuwa imelia. Nikakimbilia jikoni. Mama Jikoni yuko dirishani anasikiliza, machozi yanamtoka, kengele ameikalia.

Chai ikaunganika na chakula cha mchana. Dira yangu ikaliwa yote.

Jumatano, 12 Juni

Leo nilipewa kipindi cha alasiri, ambapo hakuna chai wala kengele. Safi! Mada: Kiongozi ni Msikilizaji. Nilizungumza alasiri nzima bila kunywa maji. Nilieleza umuhimu wa kutega sikio, aina za masikio, na makosa ya viongozi wasiowapa watu nafasi ya kusema. Walionyoosha mikono niliwaomba waishushe, wasitukatizie mtiririko. Maswali niliwaelekeza wayatumbukize kwenye kapu la maswali, nitayajibu mwishoni. Mwisho ulipofika kapu lilikuwa limefurika na mimi nimechoka. Nikasema maswali mazuri hayana haraka.

Bi Kimya alikaa nyuma akisikiliza mwanzo hadi mwisho. Nilidhani ananiibia mbinu. Baadaye akanijia akaniuliza kama huwa napumzika. Wivu.

Nikampigia mke wangu simu. Nikamweleza jinsi ukumbi ulivyotulia wakati wa mada yangu. Akauliza walikuwa wanasikiliza au wamelala. Nikamwambia mtu aliyelala hupumua kwa sauti, na waliopumua kwa sauti hawakuzidi watano. Akanipa shemeji, ambaye alikuwa pale kwetu anakula. Shemeji akanipongeza kwa cheo! Amewaambia mtaa mzima. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi amesema atapita nyumbani Jumamosi kunipa mkono. Nilitaka kumwambia bado hakijatoka. Nikasema asante.

Kwa hiyo sasa ni lazima nikipate. Nikikikosa nitapita wapi? Mtaa ule una njia moja.

Jioni ikaja habari: Mkurugenzi anafika kesho asubuhi, siku moja kabla. Bora! Nimebuni zoezi la kummaliza Bi Kimya mbele yake. Zoezi la kuaminiana. Mtu anapanda juu ya meza, anafumba macho, anajiachia kinyumenyume, wenzake wanamdaka kwa mikono. Nitamwita yeye. Mama wa umri ule, kimo kile, ataogopa. Atakataa. Na mimi nitageukia ukumbi kwa masikitiko na kuuliza: je, asiyewaamini watu anaweza kuwaongoza?

Nimelifanyia mazoezi swali hilo mbele ya kioo. Linatisha.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika nikiwa nimelala chali, mguu juu ya mito miwili. Nitaeleza yote kwa utulivu.

Mkurugenzi alifika, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Niliomba kipindi cha asubuhi, nikapewa. Nikasukuma meza katikati ya duara lao. Nikaeleza zoezi. Nikamkaribisha Bi Kimya apande.

Hakuogopa. Hakukataa pia! Akasema amefanya kazi ya kudaka watu wanaoanguka tangu ujana wake, wazee waliojaribu kwenda msalani peke yao, akina mama wenye kizunguzungu, na hajawahi kumwambia mgonjwa ajiangushe ili ionekane kama atadakwa. Lakini yuko tayari kujifunza. Ila angependa kwanza kumwona mtaalamu mwenyewe.

Binti Diwani akapiga makofi. Ukumbi mzima ukafuata. Nikamtazama Mkurugenzi. Naye anapiga makofi! Ningefanyaje? Nikavua viatu, nikapanda.

Washiriki wanane wenye nguvu wakajipanga nyuma yangu, katibu wa ushirika akiwa mbele yao, mikono wameikunjua. Nikafumba macho. Nikasema kabla sijajiachia nina maneno mawili matatu.

Nilisema juu ya imani. Nikasema juu ya kiranja wa darasa la tatu. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu nzuri, ile ya kiongozi na watu wake kuwa kama mkono na jicho, nikasikia kengele kwa mbali. Nikaipuuza. Nikajua hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeiacha hotuba ile kwa sababu ya chai. Nikasikia viti vikisogea kidogo. Nikajua wanasogea karibu.

Kisha kikaja kimya. Kimya gani kile! Miaka yote ya kazi yangu sijawahi kupata kimya kama kile. Hakuna kikohozi. Hakuna anayetafuna. Hata feni nilihisi imesimama kunisikiliza. Nikasema moyoni, mzee, leo umewashika, cheo ni chako. Nikarefusha. Nikawaahidi kwamba sitawaangusha kamwe, na kwamba wao pia, nawaona kwa macho ya moyo, hawataniangusha mimi.

Nikakunjua mikono. Nikajiachia.

Hapakuwa na washiriki wanane wenye nguvu wala wawili. Palikuwa na mtu mmoja mfupi aliyenipitishia mikono kwapani, akanishusha hadi sakafuni kama anavyoshushwa mgonjwa, isipokuwa mguu wa kushoto, uliokwenda njia yake ukagonga ukingo wa meza. Nikafumbua macho. Ukumbi mtupu. Viti vitupu. Bi Kimya amekaa sakafuni nyuma yangu, miwani imepinda, anahema.

Nikamuuliza watu wako wapi. Akasema wako kwenye chai. Kengele ililia zamani.

Akachana kipande cha bango la kitambaa la semina akanifunga kifundo cha mguu. Amefunga vizuri, siwezi kusema uongo. Neno DIRA limekaa juu ya kisigino.

Baadaye nilipeleka malalamiko. Mkurugenzi akasema yeye alitaka kusubiri, ila Binti Diwani alimwonyesha ukutani kanuni na saini yangu yenye mkia. Katibu wa ushirika alikuja kuniomba radhi huku akilia kwa kicheko. Nikachechemea hadi jikoni, kwa maana muda wa chai ulikuwa bado kabisa! Mama Jikoni hakubabaika. Akasema nilimwambia akichungulia dirishani akaona mtu ameng'ang'ania watu, apige. Amechungulia. Ameona.

Nikamuuliza Bi Kimya kwa nini yeye hakutoka na wenzake. Akasema kanuni ilisema hakuna kumsubiri mzungumzaji. Haikusema lolote juu ya anayeanguka.

Anajifanya mwanasheria sasa!

Ijumaa, 14 Juni

Kufunga semina. Nimekaa mbele, mguu juu ya kiti cha pili. Nilitumaini hali yangu ingeamsha huruma, na huruma iamshe busara.

Kila mshiriki alitakiwa aseme neno moja atakaloondoka nalo. Wa kwanza akasema kuanguka kwa mwezeshaji. Wa pili akasema kuanguka. Katibu wa ushirika akasema siku atakayorudi atawaita wanachama na kuwaambia wazi kwamba mvua ilinyesha, na kosa lilikuwa lake. Nilingoja amtaje aliyemfundisha. Akamtazama Bi Kimya.

Binti Diwani akasimama. Akasema aliyemtangulia kwenye kiti chake cha udiwani alihutubia kata miaka kumi, na kila akihutubia watu hutulia tuli, naye alikuwa akiwasifu kwa utulivu wao. Siku ya kura ndipo alipojua. Akasema yeye anaondoka na hili: watu wakikaa kimya usidhani wamekubali. Fumbua macho kwanza. Pengine walishaondoka.

Makofi ya kubomoa paa! Nikayapokea kwa kuinama kidogo, kwa kuwa bila mimi binti asingepata pa kuanzia.

Kisha Mkurugenzi akatangaza. Mwezeshaji Mkuu wa Kanda ni Bi Kimya. Hakumwita hivyo, lakini ndiye.

Sitajificha hapa, hakuna anayesoma. Iliniuma. Ilinichoma mpaka masikio yakawa moto. Nilifikiria kadi. Nilifikiria mwenye duka la vifaa vya ujenzi akiwa amekaa sebuleni kwangu kesho, amevaa shati la heshima, anangoja kunipa mkono. Nikainama kama anayekaza bandeji, na bandeji haikuwa na tatizo.

Nilipokuwa nafunga begi, Bi Kimya akabisha hodi. Ameleta barafu kwenye kitambaa. Akaketi. Hakusema kitu. Nami sikusema. Ikawa mashindano. Nikashindwa, nikamwambia hongera, kwa meno. Akashukuru. Akasema ana ombi. Kazi ya kanda ni kubwa, na washiriki wamemwambia kwamba wiki nzima hakuna somo lililowaingia kama lile la juu ya meza. Angependa niwe nalifanya katika semina zake zote. Kupanda, kufumba macho, kuhutubia, kengele, watu kutoka, kuanguka. Na safari hii kutakuwa na godoro.

Nikafikiri. Nikamuuliza kama nitaruhusiwa kuzungumza kwanza.

Akasema bila shaka. Kadiri nitakavyotaka.

Nikamuuliza tena kama ana uhakika. Akanitazama kwa macho yale ya wodini, nadhani yalikuwa ya huruma, au mwanga wa dirishani. Akasema kama nitachoka wakati wowote, nifumbue tu macho, somo litakuwa limekwisha.

Maneno ya kitabibu. Sikuyaelewa vizuri.

Jumamosi, 15 Juni

Nyumbani! Nimepokewa vyema. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuja kweli, shemeji yuko kitini tangu asubuhi. Nimewaeleza habari yenyewe kama ilivyo: kwamba kwa kauli moja washiriki wa kanda nzima wameomba niwe na kipindi cha kudumu katika kila semina, na kwamba Mwezeshaji Mkuu mwenyewe amekuja chumbani kwangu kunibembeleza, na barafu juu. Shemeji akauliza, kumbe Mwezeshaji Mkuu si wewe? Nikamwambia kazi za kiofisi nimeachia wengine. Mimi ni wa jukwaani.

Mguu? Ajali ya kikazi.

Mke wangu ananifungua bandeji anaikunja vizuri. Akaisoma DIRA. Akauliza nani alinidaka. Nikamweleza. Akasema nimpelekee mama huyo salamu zake, na siku moja angependa kumwona. Hawa wawili wasikutane. Kadi za dhahabu amezikuta begini, anaandikia nyuma mahitaji ya jikoni. Nimemwachia. Za mwakani nitaandika cheo kirefu zaidi.

Maana nimeshaona mwanya. Bi Kimya amenipa jukwaa kwenye kanda nzima, mwenyewe, bila kushurutishwa! Hajui alilolifanya. Semina tatu tu, na Mkurugenzi ataona watu wanakuja kwa ajili ya nani. Nimeshampigia simu fundi seremala anitengenezee meza yangu mwenyewe, ndefu kuliko ile ya chuo, ili hata walioko mlangoni wanione. Hotuba nimeirefusha. Kiranja sasa anaanzia darasa la kwanza.

Fundi akauliza kama hiyo meza aiwekee ngazi ya kushukia. Ya nini?

Godoro nitawaambia waliondoe, linapunguza uzito wa jambo. Macho nitayafumba vilevile, tena nitayakaza. Kimya kile nakitaka tena.